Tandiko, hatamu na mapambo ya farasi wa jeshi la Roma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa maigizo ya kihistoria wanaotaka kumvisha farasi aliye hai vifaa vya mpanda farasi wa Kirumi, kisha wampande na kukimbia naye mbele ya watu. Majibu yanahusu zaidi karne ya 1 na mwanzo wa karne ya 2, kwa sababu huko ndiko ushahidi ulikojaa.

Nianzie wapi?

Chagua mahali na wakati kabla hujanunua hata kipande cha ngozi. Jeshi hili lilidumu karne nyingi, na farasi aliyetembea kando ya mto Rhine mwaka 70 hakupambwa kama yule wa mwaka 250. Kwenye maonyesho utamwona farasi mmoja amebeba karne tatu mgongoni: sahani za fedha za mapambo za enzi ya mfalme Nero (karne ya 1), vipande vya enameli (kioo cha rangi kilichoyeyushwa juu ya shaba) vya karne ya 3, na lijamu, yaani chuma cha mdomoni, iliyonunuliwa kwa sababu tu inaonekana ya kale. Kila kimoja ni kizuri, ila havikuwahi kukutana.

Njia rahisi ni kujifunga na jiwe moja la kaburi. Wapanda farasi walipenda kuchongwa wakiwa juu ya farasi, na wachongaji wengi hawakuona uvivu wa kuchonga mikanda. Jiwe la Titus Flavius Bassus liko Cologne, Ujerumani. Yeye alitumikia kikosi cha Wanoriko, watu wa eneo la Austria ya leo. La Longinus Sdapeze liko Colchester, Uingereza, na lilipatikana mwaka 1928. La Insus lilifukuliwa Lancaster, Uingereza pia, mwaka 2005, naye ameshika kichwa cha adui mkononi, jambo linalowafanya watazamaji wote wasahau kuangalia farasi. Kwa anayeanza ningesema Bassus. Pembe za tandiko zinaonekana, mikanda inaonekana, na eneo lake limetoa vitu halisi vya kulinganisha navyo.

Ukishapata jiwe lako, tafuta shaba zilizochimbuliwa eneo hilo na wakati huo huo. Usirudi nyuma tena.

Tunajuaje vitu hivi vilionekanaje?

Kwa vipande. Shaba hudumu ardhini, chuma huliwa na kutu, ngozi huoza isipokuwa pale ardhi ilipokuwa na maji yasiyopitisha hewa. Ndiyo maana makumbusho yana maelfu ya mapambo na mabizimu, ila mikanda yenyewe ni michache mno.

Ngozi muhimu kuliko zote zilitoka Valkenburg, ngome ya Kirumi huko Uholanzi: vifuniko vya tandiko vya ngozi ya mbuzi, vikiwa na mishono yake. Shaba muhimu zilitoka Newstead, Uskoti, ambako James Curle alichimba kuanzia 1905 hadi 1910. Humo mlikuwa na mabamba ya bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) yaliyopindwa, na kazi yake ilikuja kueleweka vizuri yalipolinganishwa na ngozi za Valkenburg: yalikuwa yakikaza pembe za tandiko. Kwenye baadhi yake wenyewe walikwaruza majina yao, bila shaka ili jirani wa chumba asijichukulie.

Vindolanda, ngome ya Kirumi karibu na Ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza, inaendelea kutoa. Mwaka 2017 walifukua kambi ya wapanda farasi chini ya majengo ya baadaye, na sakafuni kukawa na panga na vifaa vya mikanda ya farasi, vimeachwa kana kwamba watu waliondoka kwa haraka.

Kwa nini tandiko lina pembe nne?

Kwa sababu hakukuwa na vikuku vya kukanyagia. Pembe mbili za nyuma husimama wima na kushika kiuno cha mpandaji. Mbili za mbele huinama kwa nje na kulala juu ya mapaja. Ukirusha mkuki unakazana na pembe za mbele. Farasi akiruka mbele ghafla, za nyuma zinakupokea.

Wasiowahi kulikalia hudhani askari alikuwa akining'inia kwa bahati. Panda uone. Linashika kiasi kwamba shida ya wengi ni kutoka, hasa ukiwa na fulana ya pete za chuma na upanga ubavuni.

Vikuku viliingia Ulaya baadaye sana, katika karne ya 6 na 7, pamoja na Waavari, wapanda farasi waliotoka nyika za mashariki. Ukivitia kwenye tandiko la karne ya 1, hata kwa kuvificha chini ya kitambaa, wanaojua wataona miguu yako inavyokaa.

Ndani ya tandiko mlikuwa na kiunzi cha mbao au lilikuwa mto tu?

Hapa wataalamu hawajapatana, na kila anayejenga lazima achague upande.

Mwaka 1991 Peter Connolly na Carol van Driel-Murray walichapisha uchunguzi wao. Waliangalia mikunjo, mishono na sehemu zilizochakaa kwenye ngozi za tandiko zilizochimbuliwa, wakahitimisha kwamba ilivutwa juu ya kiunzi kigumu: mbao mbili zinazolala pande mbili za uti wa mgongo, zikiunganishwa na upinde mmoja mbele na mwingine nyuma, na pembe zikiota juu ya hivyo. Wanaopinga husema mto uliojazwa sawasawa, ukikazwa na yale mabamba ya bronzi, ungetosha, na kwamba kiunzi chenyewe hakijaonekana ardhini. Ni hoja nzito. Lakini mbao nyembamba ndani ya ngozi ni kitu cha kwanza kuoza au kutiwa motoni, kwa hiyo kutoonekana kwake hakunisumbui sana.

Mimi niko upande wa kiunzi, na sababu yangu ni mgongo wa farasi. Uzito wa askari mwenye silaha lazima usambazwe pande mbili za uti, na katikati pabaki mfereji wa hewa. Mto mtupu hufanya hivyo siku za mwanzo. Ukishabanwa na kulowa jasho, unashuka mpaka unakaa juu ya mfupa. Ukitaka kujaribu mto, fanya hivyo kwa mwendo wa polepole na kwa mpandaji mwepesi, na uwaambie watazamaji kwamba ni jaribio.

Kwa kiunzi tumia mbao ngumu isiyopasuka kirahisi. Chonga upinde kwa kufuata kipimo cha farasi wako: chukua waya laini wa shaba, uulaze juu ya mabega yake nyuma kidogo ya mfupa wa bega, uukandamize ufuate umbo, kisha uuhamishe kwenye kadibodi na kuchora. Rudia kwenye mgongo wa nyuma. Ukikosea kipimo hiki, mapambo yote yatakayofuata ni ya kumpamba farasi mwenye vidonda.

Farasi wangu ni mkubwa mno. Ni tatizo?

Kwa macho, ndiyo. Mifupa inaonyesha farasi wengi wa jeshi walikuwa na urefu wa kama sentimita 130 hadi 150 mabegani, yaani wadogo kuliko farasi wengi wa michezo wa leo. Ukimpanda farasi wa sentimita 170, unaonekana umekaa juu ya paa.

Kwa kazi, farasi mfupi mwenye mgongo mpana na miguu imara ni bora pia. Bila vikuku unapanda kwa kuruka au kwa kusaidiwa na mtu, na sentimita ishirini huonekana ndogo mpaka uwe na ngao mkononi. Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, anaandika kwamba askari wapya walizoezwa kuruka juu ya farasi wa mbao, kwanza bila silaha, kisha na silaha zote. Hilo ni zoezi la kuiga kabla ya kumsumbua farasi.

Aliye Lamu na ana punda tu, ajue mgongo wa punda una umbo lake. Kiunzi cha farasi hakitamkaa.

Nitumie ngozi gani?

Kifuniko cha tandiko: mbuzi, unene wa milimita 1.5 hadi 2, iliyotiwa dawa ya magome ya miti. Mikanda: ng'ombe, milimita 3 hadi 4, ya magome vilevile. Ngozi iliyotiwa dawa ya kromi ni laini na bei yake ni nafuu, lakini huvutika, haipokei mkunjo, na ukingo wake haung'ai ukisuguliwa. Utaijua ukiikata: katikati mara nyingi ni rangi ya kijivu au samawati.

Warumi walitumia magome kama ya mwaloni. Leo ngozi nyingi za magome hutengenezwa kwa miwati, mti uliotoka Australia na ambao Mrumi hakuwahi kuusikia. Anayesoma haya akiwa Njombe au nyanda za juu za Kenya anaujua, kwa kuwa magome yake yamekuwa biashara huko tangu enzi za ukoloni. Wapo wanaokataa miwati kwa kuwa si ya Kirumi. Mimi siwafuati. Ngozi ya miwati inafanya kazi ileile na inazeeka vizuri. Ukipata muuzaji mzuri wa miwati na muuzaji mbaya wa mwaloni, usisite.

Uzi uwe wa kitani, uliopakwa nta ya nyuki, na ushonwe kwa sindano mbili zinazopishana katika kila tundu. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja hufumuka wote. Huu wa mkono ukikatika, jirani zake hubaki. Kwenye mkanda wa tumbo tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utashuka kwa hiari yako.

Mikanda inaungwaje mwilini mwa farasi?

Mkanda wa tumbo hushika tandiko chini. Mkanda wa kifua hulizuia lisirudi nyuma farasi anapopanda mlima, na mkanda wa nyuma, unaozunguka mapaja chini ya mkia, hulizuia lisiteleze mbele anaposhuka. Mikanda hii hukutana begani na pajani. Penye makutano pana sahani ya shaba ya mviringo au pete, na nyuma yake kuna vitanzi vya shaba, kila kimoja kikiwa kimepigiliwa ribiti (msumari mfupi unaogongwa ncha hadi utambae) kwenye ncha ya mkanda wake.

Watu wengi hupaendea mbio hapa. Kitanzi kikishapigiliwa, urefu wa mkanda umekwisha amuliwa. Hakuna matundu saba ya kubadili kama kwenye vifaa vya leo. Mabizimu yalikuwepo, hasa pale palipohitaji kukazwa na kulegezwa, lakini sehemu kubwa ya mikanda ilikatwa kwa kipimo cha farasi mmoja. Kwa hiyo tengeneza kwanza seti nzima kwa utepe wa turubai au ngozi mbovu, ifunge kwa pini, mpande, mwache akimbie, ainame, ageuke. Weka alama. Hapo ndipo ukate ngozi nzuri.

Upana wa mkanda usiubuni. Pima ndani ya kitanzi cha nakala uliyochagua, kitakuambia. Mikanda mingi hutoka myembamba kuliko wanavyotarajia waliozoea vifaa vya kilimo, na ndivyo inavyotakiwa.

Ribiti ziwe za shaba nyekundu, na kila moja ipate kijisahani kidogo upande wa pili wa ngozi kabla ya kugongwa. Gonga polepole, kichwa kitambae pande zote. Upande unaogusa farasi usugue kwa kidole chako kilicholowa. Kama unakukwaruza, utamkwaruza naye.

Shaba ya aina gani, na ule weusi kwenye fedha ni nini?

Mapambo mengi ya kijeshi ya karne ya 1 ni shaba njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na uso wake mara nyingi hupakwa fedha au bati. Seti mbili maarufu zilitoka eneo la mto Rhine: ya Doorwerth, Uholanzi, na ya Xanten, Ujerumani, ambayo sasa iko Makumbusho ya Uingereza, London. Sahani moja ya Xanten ina maandishi ya vitone yanayomtaja Plinio, kamanda wa wapanda farasi. Huyo anachukuliwa kuwa Plinio Mkubwa, mwandishi wa Kirumi, yule aliyekufa volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79. Ni mara chache mno mkanda wa farasi kutuletea mtu tunayemjua.

Ule weusi ni nielo, mchanganyiko wa salfa na madini ya fedha au shaba unaojazwa kwenye michoro iliyochimbwa. Usiujaribu jikoni. Moshi wake ni mbaya, na mapishi yanayozunguka mitandaoni mengi yana madini ya risasi, ambayo ni desturi ya baadaye. Rangi nyeusi ya enameli, ikisuguliwa hadi ilingane na uso wa fedha, humdanganya hata mtu aliye hatua mbili mbele yako.

Vile vining'inizo ni lazima? Na mbona vingine vina umbo la uume?

Si lazima, ila vilikuwepo vingi: majani matatu, matone, mwezi mwandamo, na ndiyo, uume. Vilikuwa hirizi. Kijicho kilitafuta kitu cha thamani, na farasi wa vita ni kitu cha thamani. Umbo hilo na mwezi mwandamo viliaminika kukirudisha kilikotoka. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi.

Swali la kweli ni kama uvivae mbele ya watoto wa shule. Waandaaji wengine hukataa, na mwezi mwandamo unatosha siku hiyo. Usichonge kitu cha katikati kisichofanana na chochote.

Jambo la kiufundi: kining'inizo hupiga kelele na kugonga. Mzoeshe farasi vikiwa mkononi mwako kwanza, kisha kimoja kifuani, kisha vyote. Farasi aliyetulia kwa kila kitu anaweza kumkimbia mwezi wa shaba unaolia pajani kwake.

Lazima kila askari awe na fedha zote hizo?

Hapana. Tunapenda kuiga matajiri kwa sababu vitu vyao ndivyo vilivyo kwenye kabati za makumbusho. Mwaka 128 mfalme Hadrian alikagua vikosi huko Lambaesis, Aljeria ya leo, na hotuba yake ikachongwa kwenye mawe. Aliwaambia wapanda farasi wa kohorti (kikosi mchanganyiko cha miguu na farasi) ya sita ya Wakomagene, watu wa eneo la Uturuki ya leo, kwamba ni vigumu kwao kung'aa baada ya ala, kikosi kamili cha wapanda farasi, kuonyesha mazoezi yake, kwa sababu sura ya farasi wao na silaha zao vinalingana na mshahara wao. Hakuwa akiwatukana, alikuwa akiwatetea.

Kwa hiyo mikanda safi yenye pete za shaba na mapambo mawili matatu ni askari halali kabisa, na mkiwa kikundi mnahitaji zaidi watu wa namna hiyo. Kikundi chote kikiwa na sahani za Xanten, mmegeuka kikosi cha makamanda.

Lijamu na hatamu?

Newstead ilitoa lijamu za aina mbili. Ya kwanza ni nyepesi, vipande viwili vilivyounganishwa katikati ya mdomo. Ya pili ni kali, ina mikono ya kuongeza nguvu na inaweza kuumiza vibaya mikononi mwa asiyejua. Anzeni na nyepesi. Fundi wa chuma anaweza kukuchongea pete za pembeni kwa umbo la kale, na kipande cha mdomoni kikawa cha kisasa, laini na kisicho na kutu. Hakuna mtazamaji anayechungulia mdomoni, na farasi hana habari na uhalisia wenu.

Kabla ya kununua kitu chochote kikali, kumbukeni Wamauri wa Afrika Kaskazini. Kwenye michongo ya nguzo ya mfalme Trajan, iliyozinduliwa Roma mwaka 113, wanashambulia bila tandiko wala lijamu. Sijaona kikundi kilichothubutu kuwaiga kwa mwendo wa kasi, na singekishauri.

Viatu vya farasi?

Kwato tupu ndiyo desturi. Kulikuwa na kiatu cha chuma cha kufungwa kwa mikanda, lakini hicho ni cha barabarani au cha kutibu kwato, si cha vitani. Kama farasi wako amezoea viatu vya misumari na uwanja una mawe, mwache navyo.

Naweza kumvika kinyago cha uso?

Kwa gwaride tu. Vinyago vya ngozi vyenye vichwa vya misumari vimepatikana Newstead na Vindolanda, na vipo vya bronzi vyenye vikombe vya matundu vya kukinga macho. Ni vya mazoezi ya maonyesho kama yale aliyoyaeleza mwandishi Arrian karibu mwaka 136, wapanda farasi wakirushiana mikuki isiyo na ncha mbele ya wakubwa. Farasi aliyefunikwa macho haoni pembeni. Mzoesheni akiwa ameshikwa, na kamwe msimpeleke penye umati kwa mara ya kwanza akiwa nacho.

Nitajuaje kama tandiko linamfaa farasi?

Weka blanketi la sufu la rangi moja chini yake, mpande kwa nusu saa, pamoja na mwendo wa kasi. Mteremke, ondoa tandiko taratibu, usilivute kwa ubavu. Angalia jasho. Unataka madoa mawili marefu yaliyolowa sawasawa kila upande, na mstari mkavu katikati juu ya uti. Doa dogo kavu ndani ya sehemu iliyolowa ni hatari, kwani hapo tandiko linabana mpaka jasho halitoki. Mara nyingi liko chini ya upinde wa mbele. Manyoya yaliyosimama au kugeuka uelekeo yanaonyesha tandiko linatembea, na hapo kagua mkanda wa kifua na wa nyuma kabla ya kulaumu kiunzi.

Kisha pitisha kiganja mgongoni kwa nguvu kidogo. Akishusha mgongo au kugeuza masikio, rudi kwenye karakana. Fanya hivi miezi kabla ya maonyesho, si wiki ile.

Kazi ifuate mpangilio gani ili nisifilisike?

Kiunzi, kifuniko, mkanda wa tumbo. Panda. Mkanda wa kifua na wa nyuma kwa pete za kawaida. Panda tena. Lijamu. Mapambo ya shaba mwisho, mawili mawili, kadiri mfuko unavyoruhusu. Wengi hufanya kinyume kwa sababu shaba hupatikana tayari na inang'aa kwenye picha. Tandiko lililotengenezwa tayari pia linauzwa, ila muulize muuzaji alilipima kwa farasi yupi. Akijibu kwamba linawakaa farasi wote, tafuta mwingine.

Nivitunzeje?

Futa jasho kwa kitambaa chenye maji kila baada ya kupanda, acha ngozi ikauke kivulini, kisha paka mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na nta, kidogo tu. Shaba ipanguse kwa chaki laini iliyosagwa, lakini ukingo wa ngozi uufunike kwanza, maana chaki ikiingia kwenye mshono hunyonya nta ya uzi. Kila mwanzo wa msimu vuta kila kitanzi kwa nguvu za mikono yako miwili. Ribiti inayocheza ibadilishwe siku hiyohiyo.